Moyo unaoanza kwenda mbio ghafla: uzi kuhusu dawa zake, na kwa nini karatasi ya ECG hutangulia sindano

#1 Tabibu wa Zamu

Ndugu wanajukwaa,

Kila mara mtu anapouliza hapa kuhusu moyo kwenda mbio, jibu la kwanza huwa ni jina la dawa: mmoja husema propranololi, mwingine atenololi, wa tatu hutaja kidonge ambacho shangazi yake alipewa akapona. Mimi ni daktari wa idara ya dharura katika hospitali ya mkoa, na wagonjwa wa aina hii nawapokea mara kwa mara, wengine wakiwa tayari wamemeza dawa walizoshauriwa mitandaoni. Ndiyo maana nimeona nilieleze jambo hili kwa urefu, na yeyote mwenye ujuzi anakaribishwa kuongezea au kusahihisha.

Nianze na lile ninaloliona kuwa ndiyo shina la mada yote. Hakuna dawa ya "moyo kwenda mbio" kwa ujumla wake. Kuna dawa ya aina fulani ya mapigo ya kasi, na aina hiyo hujulikana kwa kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kilichochukuliwa wakati moyo ungali unakimbia. Dawa ileile inayomrejesha mgonjwa mmoja katika hali ya kawaida ndani ya nusu dakika inaweza kumwangusha mwingine papo hapo kitandani.

Aina ninayoikusudia katika uzi huu ni ile inayoanzia sehemu ya juu ya moyo, inayokuja ghafla na kukata ghafla. Katika moyo wa kawaida umeme huanzia kwenye kifundo kilichomo katika chumba cha juu cha kulia, hupita kwenye kifundo cha kati kinachouchelewesha kidogo, kisha hushuka kwenye vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Baadhi ya watu wana njia mbili ndani ya kifundo hicho cha kati, moja ya haraka na nyingine ya polepole. Wengine wana utepe wa ziada wa misuli, waliozaliwa nao, unaounganisha vyumba vya juu na vya chini kwa kukikwepa kifundo cha kati. Pigo moja likija kabla ya wakati wake, umeme hushuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine, ukabaki unazunguka kama gari lililoingia kwenye mzunguko wa barabara na kukosa pa kutokea. Kila duara ni pigo, na mapigo hufika 150 hadi 250 kwa dakika hata kama mtu ameketi anasoma gazeti.

Dalili ni kifua kudundadunda, shingo kupwita, kizunguzungu, kuishiwa pumzi, na baada ya kipindi kumalizika wengi hukojoa sana. Wagonjwa wengi wa aina hii ni vijana na watu wa makamo wenye moyo ambao umbo lake halina kasoro, wanawake wakiwa wengi zaidi katika ile aina ya njia mbili, na kwa sababu hiyo wapo walioambiwa kwa miaka kwamba wana wasiwasi tu.

Kuna jambo la kutenganisha mapema, hasa kwetu Afrika Mashariki. Mgonjwa wa malaria kali, mwenye upungufu wa damu, aliyeharisha hadi akakaukiwa maji, au mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, naye moyo wake hukimbia, lakini huo hupanda taratibu na kushuka taratibu kwa kuwa mwili unauhitaji uende hivyo. Kumpa mgonjwa aliyepoteza maji dawa ya kupunguza mapigo ni kumnyang'anya nguvu ya mwisho inayompelekea damu kwenye ubongo. Huyo hutibiwa malaria, huongezewa damu au maji, na moyo hutulia wenyewe.

#2 Mwalimu Korogwe

Daktari, nashukuru kwa kufungua uzi huu. Mimi ni mmoja wa hao walioambiwa wana wasiwasi. Mapigo yalikuwa yakianza nikiwa ubaoni mbele ya wanafunzi, na nilipofika zahanati yalikuwa yameshakata, kwa hiyo kipimo kilionyesha moyo mzima. Naomba kuuliza mambo mawili. La kwanza, je, kuna la kufanya kabla ya kufika hospitali? La pili, nilipokamatwa na kipindi kirefu hatimaye nilichomwa sindano ambayo kwa sekunde chache nilihisi roho inaniacha, kifua kikabana, uso ukawaka, kisha kila kitu kikatulia. Sikuelezwa ilikuwa dawa gani. Ninatamani kujua nilichopewa.

#3 Tabibu wa Zamu

Mwalimu, pole kwa miaka uliyopitia. Swali lako la kwanza lina jibu zuri kuliko watu wanavyodhani.

Kuna neva ndefu, ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, na kazi yake mojawapo ni kukipunguza kasi kifundo cha kati. Ukiisisimua kwa nguvu, mara nyingine mzunguko hukatika bila dawa yoyote. Njia iliyothibitika kushinda nyingine ni ya kupuliza kwa kujikaza kisha kulala. Mgonjwa huketi nusu ameegemea, hupuliza ndani ya bomba la sindano la mililita 10 kwa nguvu ya kutosha kuisogeza pistoni yake, kwa sekunde 15. Mara tu anapomaliza, hulazwa chali na msaidizi humwinua miguu hadi nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine, kisha hurudishwa alivyokuwa. Utafiti uliofanywa Uingereza ukajulikana kwa jina la REVERT, matokeo yake yakatoka mwaka 2015, ulionyesha kwamba njia hii iliwarudisha katika hali ya kawaida asilimia 43 ya wagonjwa, ilhali kupuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu kuliwarudisha asilimia 17 tu. Haigharimu kitu, na sioni sababu ya zahanati yoyote kutoifahamu. Kukandamiza mshipa wa shingo mwachieni mtaalamu, kwa kuwa kwa mzee mwenye mafuta yaliyoganda mshipani kunaweza kuleta kiharusi. Na kuminya mboni za macho, jambo ambalo bado nasikia likishauriwa, kuacheni kabisa.

Njia hizi ni za mtu ambaye daktari ameshamthibitisha ana tatizo hili. Mtu anayezimia, mwenye maumivu makali ya kifua au anayehema akiwa amekaa, asikae nyumbani akipuliza. Apelekwe hospitali mara moja.

Sindano uliyopewa, kwa maelezo yako, ni adenosini. Ni kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Mwaka 1929 Drury na Szent-Györgyi, wakiwa Cambridge, walieleza namna inavyoupunguza kasi moyo, lakini ilichukua miaka 60 hadi Marekani ilipoiidhinisha mwaka 1989 kama dawa ya tatizo lako. Inakizima kifundo cha kati kwa sekunde chache, na kwa kuwa umeme unaozunguka hauna budi kupita hapo, mzunguko hukatika. Nusu ya dawa huwa imeshatoweka katika damu chini ya sekunde 10, na hisia ile ya kutisha huondoka nayo. Moyo kweli husimama kidogo. Kwenye karatasi huonekana mstari ulionyooka kwa sekunde kadhaa kabla ya pigo la kwanza la kawaida. Nasikitika hukuambiwa kabla. Kwangu mimi maelezo hayo ni sehemu ya matibabu: mgonjwa huambiwa kwamba atajisikia vibaya sana kwa muda mfupi, kwamba hali hiyo itapita, na kwamba hataachwa peke yake.

#4 Muuguzi Mombasa

Naongezea upande wa mikono, kwa sababu dawa hii hushindwa mara nyingi kwa namna inavyochomwa, kisha lawama huiangukia dawa. Kwa kuwa hutoweka kwa sekunde, kanula iliyowekwa mgongoni mwa kiganja haifai: dawa huisha nguvu kabla ya kufika moyoni. Tunaweka kanula nene kwenye mshipa mkubwa wa kiwiko, kwa kawaida mkono wa kulia. Mtu mzima huanza na miligramu 6 zinazosukumwa kwa kasi mara moja, na papo hapo hufuatwa na mililita 20 za maji ya chumvi ya dripu kwa kasi ileile, mkono ukiwa umeinuliwa. Ikishindikana, baada ya dakika moja au mbili huongezwa miligramu 12. Ikichomwa ipasavyo, kufikia dozi ya pili wagonjwa takribani 9 katika kila 10 wanakuwa wametulia. Kwa watoto dozi hupimwa kwa uzito, miligramu 0.1 kwa kila kilo mwanzoni na 0.2 baadaye, bila kuzidi dozi ya mtu mzima.

Mashine ya ECG iwe inachapisha karatasi muda wote wa kuchoma, na mashine ya mshtuko wa umeme iwe kando ya kitanda. Hata mapigo yasipotulia, sekunde zile za utulivu hufichua aina ya tatizo, na daktari anayeisoma karatasi hiyo kesho yake atakushukuru.

#5 Mfamasia wa Ziwani

Kwa upande wa duka la dawa yapo machache ambayo wahudumu wenzangu huyasahau. Adenosini haihifadhiwi kwenye friji, kwa sababu baridi huifanya igande chembechembe; huwekwa katika joto la kawaida la chumba, na kichupa chenye chembe hakichomwi hadi maji yake yawe safi kabisa. Teofilini na aminofilini, ambazo wagonjwa wetu wengi wa pumu bado hupewa, huizuia isifanye kazi, na kafeini hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mgonjwa aliyekunywa kahawa saa chache zilizopita aseme. Kinyume chake, dipiridamoli, dawa ya kuzuia damu kuganda, huiongezea nguvu sana, na kwa mtu anayetumia kabamazepini kwa ajili ya kifafa inaweza kuuziba moyo kwa muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Mgonjwa wa namna hii huanza na dozi ndogo, miligramu 3, sawa na aliyepandikizwa moyo.

Mwenye pumu inayobana asichomwe adenosini, kwa kuwa inaweza kuibana mirija ya hewa zaidi.

#6 Baba Zaituni

Ndugu zangu, mnaeleza vizuri, lakini mimi naishi wilayani. Hospitali yetu adenosini haipo, na gari la wagonjwa likipatikana ni safari ya saa nyingi. Mke wangu ana tatizo hili na ana pumu pia. Je, sisi tufanyeje?

#7 Tabibu wa Zamu

Baba Zaituni, swali lako ndilo la hospitali nyingi, na lina jibu la kutia moyo kuliko unavyotarajia. Jibu hilo ni verapamili.

Dawa hii ilikuwepo miaka mingi kabla adenosini haijaidhinishwa, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tafiti zilizozilinganisha hizi mbili hazikuona tofauti ya maana katika uwezo wa kuutuliza moyo: zote huwatuliza takribani wagonjwa 9 katika kila 10. Zinachotofautiana ni namna zinavyomfanya mgonjwa. Adenosini hufanya kazi kwa sekunde na kumpa mgonjwa hofu inayopita. Verapamili huchukua dakika kadhaa, haileti hisia ile mbaya, lakini inaweza kushusha presha. Kwa hiyo huchomwa polepole, kuanzia miligramu 2.5 hadi 5 kwa muda usiopungua dakika 2, na kwa wazee dakika 3, presha ikipimwa mara kwa mara, kisha hurudiwa ikihitajika. Diltiazemu ni ndugu yake na hutumika kwa namna inayofanana. Verapamili wala haiibani mirija ya hewa, hivyo kwa mke wako, kama hana udhaifu wa moyo na kama ECG yake ni ya aina hii, inafaa kuliko adenosini, tena inafaa kuliko propranololi, ambayo mwenye pumu anapaswa kuikwepa.

Sasa nieleze mipaka yake, na hapa naomba wahudumu wenzangu wasome taratibu.

Mpaka wa kwanza ni upana wa mchoro. Katika karatasi iendayo kwa kasi ya kawaida, kila kisanduku kidogo ni sekunde 0.04. Pigo la vyumba vya chini likiwa jembamba, chini ya visanduku 3, umeme unapita njia yake ya kawaida na verapamili ni salama kwa wengi. Likiwa pana, visanduku 3 au zaidi, lichukulieni kuwa linatoka kwenye vyumba vya chini hadi ithibitike vinginevyo, hasa kwa mtu mzima aliyewahi kupata shambulio la moyo. Verapamili kwa mgonjwa huyo inaweza kuporomosha presha na kuusimamisha moyo. Asidanganyike mtu na mgonjwa kuwa anaongea na ana presha nzuri, kwa kuwa mapigo ya hatari huweza kuvumiliwa kwa muda.

Mpaka wa pili ni moyo dhaifu, ule uliotanuka na kushindwa kusukuma damu. Mpaka wa tatu ni mtoto wa chini ya mwaka mmoja, ambaye verapamili haimfai kabisa. Kwa mtoto mchanga aliye macho tunaweka mfuko wa barafu iliyochanganywa na maji juu ya paji la uso kwa sekunde chache, bila kuziba pua wala mdomo, na mara nyingi hutosha. Mpaka wa nne ni mgonjwa aliyechomwa dawa ya kundi la propranololi muda mfupi uliopita: hizo mbili zikikutana mshipani zinaweza kuzima mapigo.

Na mgonjwa ambaye presha imeshaporomoka, amechanganyikiwa au mapafu yamejaa maji, huyo hasubiri dawa yoyote kati ya hizi. Hutulizwa kwa dawa ya usingizi akapewa mshtuko wa umeme uliopangwa kuendana na pigo la moyo wake.

#8 Mwanafunzi wa Udaktari

Shikamoo daktari. Tumefundishwa kwamba katika ugonjwa wa Wolff, Parkinson na White, verapamili ni mwiko, lakini kwenye vitabu vingine naona imetumika kwa wagonjwa haohao. Ukweli ni upi?

#9 Tabibu wa Zamu

Marahaba. Umegusa mahali penye mkanganyiko mkubwa, na ambapo watu hufa.

Madaktari hao watatu waliueleza ugonjwa huu mwaka 1930. Mgonjwa wake ndiye yule mwenye utepe wa ziada. Moyo wake unapokimbia kwa mpangilio ulionyooka na mchoro mwembamba, umeme unashuka kupitia kifundo cha kati na kupanda kupitia utepe. Hapo kifundo cha kati ni sehemu ya duara, na kukizima kunalikata duara, kwa hiyo adenosini hufanya kazi, na verapamili nayo huweza kutumika kwa uangalifu.

Lakini mgonjwa huyohuyo anaweza siku nyingine kupata mtetemo wa vyumba vya juu, ambapo vyumba hivyo hutupa mamia ya mawimbi ya umeme bila mpangilio. Kwa mtu wa kawaida kifundo cha kati huchuja, na machache tu hushuka. Kwa huyu, utepe hauchuji. Ukikizima kifundo cha kati kwa verapamili, diltiazemu, digoksini au adenosini, unaziba mlango wenye mlinzi na kuacha mawimbi yote yapite kusiko na mlinzi. Vyumba vya chini hupigwa mara 250 au 300 kwa dakika, na moyo huweza kuingia katika mtetemo wa kifo. Hata amiodaroni ya mshipani imo katika orodha hiyo ya hatari. Dalili kwenye karatasi ni tatu zikiwa pamoja: kasi kubwa mno, mchoro mpana unaobadilikabadilika upana, na mapigo yasiyo na mpangilio. Dawa inayotajwa vitabuni ni prokainamidi, lakini hospitali nyingi za kwetu hazina, na mshtuko wa umeme ndio jibu la haraka na salama.

Adenosini yenyewe huweza kuuamsha mtetemo huo kwa baadhi ya wagonjwa, na hiyo ndiyo sababu Muuguzi Mombasa anasisitiza mashine iwe kando ya kitanda. Wala si desturi ya kufuatwa kwa ajili ya ukaguzi tu.

#10 Mwalimu Korogwe

Nimeelewa sasa kwa nini kila mtu ananiuliza karatasi. Nimepewa rufaa ya kumwona bingwa wa moyo. Je, niende na nini? Na dawa za kunywa kila siku zikoje, kwa kuwa nimeshaambiwa huenda nikaanzishiwa?

#11 Tabibu wa Zamu

Nenda na karatasi ya ECG ya wakati wa kipindi, karatasi ya baada ya kutulia, na ile ndefu iliyochapishwa wakati sindano inachomwa. Usiziache kwenye faili la hospitali. Omba nakala, kisha zipige picha kwa simu, kwa sababu aina fulani ya karatasi hizo hufifia kwa joto na mwanga. Barua ya rufaa itaje dawa iliyotumika, dozi iliyofanikiwa, presha ilivyokuwa, na dawa zako nyingine zote. Bingwa akiwa na hizo, huenda akaokoa miezi ya kukuvizia kwa mashine ya kurekodi saa 24.

Kuhusu dawa za kila siku, si kila mgonjwa anazihitaji. Mtu anayepata kipindi kifupi mara moja kwa mwaka, na kupuliza kunamtosha, anaweza kuishi bila kidonge. Wenye vipindi vya mara kwa mara huanzishiwa dawa za kundi la propranololi, metoprololi au bisoprololi, au verapamili na diltiazemu za kumeza ikiwa karatasi yao ya wakati wa utulivu haionyeshi ule utepe wa ziada. Zinapunguza vipindi lakini haziondoi chanzo, na zina gharama zake: uchovu, ndoto mbaya, mikono baridi, nguvu za kiume kupungua kwa baadhi, na kwa verapamili choo kigumu. Mwenye kisukari anayechoma insulini ajue kwamba propranololi huweza kuficha moyo kudunda, dalili inayomwonya kuwa sukari inashuka. Wala zisikatishwe ghafla, kwa kuwa moyo uliozoea kuzuiwa huruka juu unapoachiliwa, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba huo unaweza kuwa mwanzo wa shambulio.

Flekainidi na propafenoni huja baada ya hizo, na kwa mwenye moyo usio na kovu tu. Sababu yake ni utafiti wa Marekani uitwao CAST: waliopona shambulio la moyo walipewa flekainidi au dawa ya jamii yake ili kuzuia mapigo ya ovyo, mapigo hayo yakapungua kweli kwenye karatasi, lakini waliokunywa dawa wakafa wengi kuliko waliokunywa vidonge vitupu, na mwaka 1989 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Kuifanya karatasi ipendeze na kuurefusha uhai wa mgonjwa ni mambo mawili, na tangu wakati huo hakuna mtaalamu makini anayeyachanganya.

Amiodaroni naizungumzia peke yake kwa sababu inatolewa kirahisi kupita kiasi. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina takribani miligramu 75 za aidini, ilhali mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Huivuruga tezi ya shingo, huweza kuacha makovu kwenye mapafu, hugusa ini na macho, hubaki mwilini kwa wiki hadi miezi baada ya kuachwa, na huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ya digoksini. Kwa kijana mwenye moyo mzima na tatizo la duara, kumwanzishia amiodaroni ya miaka ni kumwongezea ugonjwa.

#12 Mfamasia wa Ziwani

Nakuunga mkono kuhusu amiodaroni. Lakini daktari, umesema verapamili na kundi la propranololi zisikutane. Mbona nimewahi kuona cheti chenye diltiazemu miligramu 120 na propranololi miligramu 80, vyote vimezwe pamoja kipindi kinapoanza? Nilikataa kuvitoa hadi nilipompigia daktari aliyeandika.

#13 Tabibu wa Zamu

Ulifanya vema kupiga simu, na daktari huyo hakukosea. Nilichoonya ni zikikutana mshipani; hizi ni za kumeza. Huo ni mpango wa kidonge cha mfukoni. Utafiti mdogo wa Italia uliotoka mwaka 2001 ulilinganisha mchanganyiko huo, flekainidi na kidonge kitupu: ndani ya saa mbili mchanganyiko uliwatuliza asilimia 94, flekainidi asilimia 61, na kidonge kitupu asilimia 52. Angalieni namba hiyo ya mwisho, kwamba nusu hutulia bila dawa. Wagonjwa walikuwa wamechaguliwa kwa makini, na bado wachache walishuka presha au kupunguza mapigo kupita kiasi, na mmoja alizimia. Kwa hiyo dozi ya kwanza humezwa hospitalini mbele ya wahudumu, na mpango wote haufai kwa mwenye pumu, moyo dhaifu, utepe unaoonekana kwenye karatasi, au mapigo ya kawaida yaliyo ya polepole. Anayetumia huketi au hulala, wala haendeshi gari wala bodaboda.

Kilichonifurahisha miaka hii ya karibuni ni etripamili, dawa ya jamii ya verapamili inayopulizwa puani na mgonjwa mwenyewe. Katika utafiti wa RAPID uliochapishwa mwaka 2023, wagonjwa walipuliza miligramu 70 na kurudia baada ya dakika 10 ikiwa hawakutulia. Katika nusu saa asilimia 64 walikuwa wametulia, dhidi ya 31 waliopuliza dawa bandia. Walilalamikia zaidi pua kuwasha na kutiririka. Kwa mtu kama Mwalimu, ambaye kipindi humkuta mbali na hospitali, dawa ya namna hii itakuwa na thamani kubwa pindi itakapofika katika maduka yetu kwa bei inayofikika.

Na nisiache kusema kwamba tatizo hili linatibika moja kwa moja. Waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, mahali pa njia ya ziada pakatafutwa na kuunguzwa kwa joto. Kwa aina ya njia mbili hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika 100, huku hatari ya kukiumiza kifundo cha kati kiasi cha kuhitaji betri ya moyo ikiwa chini ya 1 kwa 100 katika mikono yenye uzoefu. Kwa Tanzania rufaa za moyo hupokelewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Uganda wana Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago. Ulizia huko kuhusu huduma hii na gharama zake kabla ya kukubali vidonge vya maisha.

#14 Baba Zaituni

Shukrani sana daktari. Nina swali moja la mwisho. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano. Je, hayo ya verapamili bado yanasimama?

#15 Tabibu wa Zamu

Hongera kwenu. Ujauzito huongeza damu na kuharakisha mapigo, kwa hiyo vipindi huweza kuongezeka, na ni vizuri umeuliza mapema.

Aanze na kupuliza, ila alale kwa ubavu wa kushoto kidogo badala ya chali kabisa, ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kwa wajawazito wengi sindano ya kwanza ni adenosini, kwa kuwa hutoweka kabla ya kumfikia mtoto kwa kiasi cha maana. Lakini kwa pumu ya mke wako, verapamili inabaki kuwa chaguo linalokubalika, mradi ichomwe polepole huku presha ikifuatiliwa, kwa sababu presha ya mama ikishuka damu ya mtoto nayo hupungua. Mshtuko wa umeme, ukihitajika, unaruhusiwa katika umri wowote wa mimba. Atenololi asipewe, kwani huhusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na amiodaroni humdhuru mtoto tezi yake.

Mpeleke kliniki wiki hii, si siku ya miadi ijayo, na karatasi yake ya ECG iwekwe nakala ndani ya kadi ya kliniki, pamoja na maandishi yanayosomeka kwamba ana pumu na ni dawa gani iliyomtuliza mara ya mwisho. Mkunga atakayempokea usiku wa uchungu hatakuwa na muda wa kutafuta faili.